Cheti cha Kuthibitisha Cheti

Shangazi Védastine mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana sili wala silali, mimi ni fundi wa simu hapa Kamembe na Jumamosi naenda kuposa rasmi kwa kina Benitha, sasa baba yake, Mzee Munyemana, alikulia Bukavu kama mimi na anampenda marehemu Bahizi Solo, yule mpiga gitaa, kupita kiasi, basi nikamtafutia zawadi ya kumlainisha, nikapata kwa muuza vitu vya zamani, Papa Vénuste, sahani ya santuri ambayo jalada lake lina sahihi ya Bahizi mwenyewe, pamoja na cheti kinachothibitisha kwamba sahihi ni ya kweli, kimefunikwa plastiki na kina mihuri mitatu, lakini nilipofika nyumbani nikaingiwa na shaka, nikarudi kumuuliza nitajuaje kama cheti chenyewe si cha uongo, akaniambia, "Mutoto yangu, iko na kashe tatu, unataka tena nini?", nilipong'ang'ania akaingia ndani akanitolea cheti cha pili cha kuthibitisha kile cha kwanza, hicho kina mihuri minne, nikatulia, mpaka jana Benitha aliponiambia kwamba sebuleni kwao kuna picha ya harusi ya wazazi wake ambayo Bahizi aliitia sahihi Mzee akiona kwa macho yake, na mimi nimekaa sebule ile mara nyingi lakini unajua mchumba hakodolei macho kuta za ukweni, anainamisha kichwa, kwa hiyo viatu vyangu navijua vizuri na picha siijui, na Jumamosi msemaji wetu atasoma vyeti vyote viwili mbele ya ukoo mzima, Shangazi, nikiumbuka pale Benitha nitampata wapi tena?

Gad, Kamembe

Gad mwanangu,

Pole. Nimekuhurumia, kisha nimecheka hadi chai ikanipalia. Ulipomtilia shaka Vénuste ukaenda kumuuliza nani? Vénuste! Kesi ya nyani umempelekea ngedere, ukarudi na mihuri minne.

Muhuri unachongwa sokoni ukiwa bado unasubiri brosheti yako ya mbuzi iive. Cheti kina uzito wa mtu aliyekitoa. Nani alimwona Bahizi akishika kalamu, wapi, na mtu huyo anapatikana ukimhitaji? Barua yako ndefu yote haina hata jina moja la shahidi wa sahihi hiyo ya jalada.

Na ushahidi ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa chako! Heshima ya ukweni naijua, lakini Benitha kazaliwa mle, ukuta ule ni wake. Leo hii aipige picha ile sahihi kwa simu, akutumie, uzilinganishe. Mkono wa mtu hubadilika kidogo, ila haugeuki ukawa wa mwingine.

Zikitofautiana, mrudishie Vénuste mali yake na vyeti vyake. Akikataa kuipokea, peleka sahani, maana muziki ulio ndani ni wa Bahizi kweli. Vyeti usimpe msemaji, nakukataza. Mfuate Mzee mapema, mkiwa wawili, umwambie, "Papa, balinidanganya." Atakucheka, nawe ucheke. Anayetaka kumjua ni mkwe wake, na hilo hakuna kashe ya kulithibitisha.

Ukimwambia, inua kichwa umtazame machoni. Viatu utavitazama Jumamosi.