Gari la Daktari wa Meno Lapanda Mlima

Gerejini, nyuma ya nyumba
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo unaendeleaje? Mdogo wako, mke wangu, ananiuliza kila siku kama umepata nafuu, utadhani mimi ndiye ninayekutibu. Sisi hatujambo. Yeye mzima, watoto wazima, nami mzima, ingawa sifa yangu ya ufundi imepata pigo. Nakuandikia kwa furaha kukueleza aliyeipiga.

Kuna mzee mmoja, daktari wa meno mstaafu, ana gari la michezo la Kiingereza la viti viwili, la zamani kuliko ndoa yangu. Macho yake yanafifia, na ameambiwa mwisho wa mwezi huu aache kuendesha. Alitaka jambo moja tu: kulipandisha gari lile mlimani hadi kwa dada yake, kwa mikono yake mwenyewe. Lakini kila akifika nusu ya mlima, linachemka na kufuka mvuke.

Akaniletea mimi. Kazi yenyewe si ngeni. Pampu inasukuma maji yazunguke injini na kubeba joto. Yakipata moto, themostati inafungua njia, maji yanaingia kwenye rejeta, upepo na feni vinayapoza, yanarudi tena. Nikasafisha rejeta. Likachemka. Nikabadilisha themostati. Likachemka. Nikafungua pampu, nikaikuta nzima kabisa. Wiki ya pili nikaanza kumkwepa yule mzee.

Jumanne mdogo wako alirudi kutoka kufunga mabomba ya hospitali, akanikuta nimekaa juu ya tairi. Hakuushusha hata mkoba wa spana begani.

"Maji unajazia wapi?" akaniuliza.

"Hapa mbele, kwenye rejeta."

"Na bomba lililo juu kuliko yote liko wapi?"

Nikamwonyesha bomba la hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, nyuma ya injini. Akapima kwa kiganja. Mdomo wa rejeta ulikuwa chini yake kwa vidole vinne.

"Basi hujajaza maji, mume wangu. Umejaza maji na hewa. Unajua ni nyumba ngapi nimeitwa koki imekauka, kumbe hewa tu imekwama bombani?"

Shemeji, nilisikia moto masikioni. Miaka thelathini ya gereji! Tulilisukuma gari hadi kwenye mwinuko wa lango, pua juu, ili mdomo wa rejeta uwe juu ya bomba la hita. Akafungua hita, akalegeza mpira wake hewa ipate pa kutokea, akamimina maji taratibu kama anayemnywesha mgonjwa. Injini ikacheua, ikatulia, ikacheua tena. Yakaingia lita mbili na ushei, maji niliyokuwa naapa kwamba yamo.

Jana tukapanda mlima. Kwa kuwa viti ni viwili, aliyekaa kando ya mzee ni mdogo wako, kitambaa kichwani, na mimi nyuma kwa pikapu na madumu manne ya maji. Pale linapochemkia siku zote, niliacha kupumua. Gari likapita, likakata kona, likaendelea.

Huko juu, dada wa yule mzee alitoka mlangoni kwa mkongojo. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha mzee akamvuta mdogo wako mbele.

"Huyu ndiye fundi wangu."

Bibi yule akamsalimia kwa heshima, halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na dumu mkononi. "Na wewe baba, ni nani?"

"Mimi ni mume wa fundi," nikasema. Sijawahi kujitambulisha kwa maringo kiasi kile.

Wewe ndiye uliyemshikisha spana ya kwanza, kwa hiyo sehemu ya sifa ni yako. Msalimie mkeo, binti yako mshonaji, na Babu Redio wa mtaani kwenu kama bado hajachoka kubishana na majirani. Mungu akunyooshe mgongo na akuweke.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa moyo wote.