Nusu ya Kitabu cha Waliorudi

Rumonge

Mdogo wangu Furaha,

Amahoro, kama tunavyosalimiana huku. Mama anaendeleaje na ule mguu? Anafika kanisani mwenyewe, au bado mnamwekea kiti mlangoni? Na meza yako ya vitabu pale sokoni Baraka, mvua haijaiharibu? Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini mkamuaji wa mawese ambaye mgongo haumuumi, ujue wenzake ndio wanaofanya kazi.

Vitabu ulivyompa yule mama wa boti vilivuka ziwa, vikafika vikavu. Murakoze, asante sana. Umeniuliza nimevionaje, ili ujue vipi uviweke mbele. Mimi niliishia shule ya primere, kwa hiyo nitasema tu nilivyoona.

Tunasoma wakati chikichi zinachemka kwenye pipa, maana hapo hakuna kazi ya kusukuma presi, ile mashine ya kukamulia. Mimi nasoma kwa sauti. Nestori, mwenzangu wa kusukuma, anachochea moto. Mama Spesi, anayetoa chikichi kwenye mashada, anasikiliza huku mikono ikiendelea. Yeye alikulia ukimbizini Tanzania, hivyo nikikwama kwenye neno ndiye anayenitoa.

Kile cha mpelelezi anayekimbizwa juu ya mapaa kiweke mbele, kitauzika. Nestori alisahau moto mara nyingi kwa ajili yake. Mimi kilinichosha. Yule mtu anapigwa, anaogelea, hali chakula, na asubuhi bado ana nguvu za kutongoza.

"Huyu mutu hajasukuma presi hata siku moja," Nestori akasema. "Angesukuma, angelala tangu ukurasa wa pili."

Cha tajiri aliyewekewa sumu ni kizuri hadi karibu na mwisho. Nestori alimshuku mpishi, mimi nilimshuku mke mdogo. Kumbe muuaji ni mpwa aliyerudi kutoka ng'ambo, mtu ambaye mwandishi hakutuonyesha ila mwishoni, kama mgeni anayefika sahani zikioshwa. Hiyo si haki. Msomaji hachukii kushindwa, lakini njia awe ameonyeshwa.

Mama Spesi alikasirikia jambo jingine. "Kwa nini mbaya awe yule aliyerudi? Waliobaki wote ni malaika?"

Kile cha kutajirika kirudishe ulikokitoa. Kinasema siri ni kuamka mapema. Furaha, hapa Rumonge jogoo wanaamshwa na sisi.

Sasa nikuambie kile cha kweli, cha wakimbizi waliorudi na kukuta watu kwenye mashamba yao. Hicho kimetutikisa. Mama Spesi mwenyewe alirudi hivyo, akamkuta Bwana Salvatori kwenye shamba la familia ya marehemu mume wake, kule upande wa Bugarama. Salvatori naye hakuvamia, alipewa na serikali ya zamani hizo. Bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kilima, yaani za kijiji, walisema wagawane nusu kwa nusu. Wote wawili walikataa. Mama Spesi alikuwa amebakiwa na wiki moja ya kujibu. Akikataa tena, kesi inakwenda tribinali, mahakamani, na huko watu wanazeeka.

Siku nilipofika sura ya mwisho, Salvatori akatokea na baiskeli, ameleta chikichi zake zikamuliwe. Nestori akakohoa ili ninyamaze.

"Soma," Mama Spesi akasema. "Nani amekukataza?"

Nikasoma. Mwanamke wa kitabuni aligawana shamba na mwanamume aliyemkuta, na mwandishi akamaliza kwa kusema wakaishi kwa amani. Salvatori alikuwa hajashusha mzigo.

"Na ule walimukuta mu shamba? Kitabu kinasema nini juu yake?"

Nikageuza kurasa nyuma. "Kinasema alikuwepo."

"Alikuwepo! Hata mbuzi alikuwepo. Hiyo iko nusu ya kitabu."

Mama Spesi hakuinua macho. "Basi tupe nusu yako, Bwana Salvatori. Anza na yale majani. Shamba zima unalipalilia, ila pale chini ya michikichi miwili unaacha pori makusudi, kama kwenye kiwanja cha watu waliokwisha, ili nione nyumba ya wakwe zangu imekufa."

Salvatori akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. "Pale iko mutoto wangu, Mama. Tulimuzika mbele hamujarudi. Mulipofika nikaondoa musalaba. Niliogopa utasema nimeweka kaburi ili nikamate udongo. Na jembe juu yake siwezi kupitisha."



"Anaitwa nani?" Mama Spesi akauliza.

"Evelina."

Mama Spesi aliliweka shada mapajani. Kisha akasema, "Nimezika wawili kule kambini. Sijui leo nani analima juu yao."

Usidhani walikumbatiana, Furaha. Salvatori alishusha mzigo, tukakamua, akaondoka. Lakini wiki ilipoisha Mama Spesi aliwajibu wazee kuwa amekubali nusu, na Salvatori naye akakubali. Mimi na Nestori tulikwenda kuchimba mashimo ya minyaa, ile miti ya utomvu mweupe wanayopanda mpakani. Kamba ya kupimia mpaka ilipovutwa, ikapita katikati ya yale majani.

"Isogezeni upande wangu," Mama Spesi akasema.

Mzee mmoja akamwonya, "Utapoteza michikichi miwili, Mama, na inazaa vizuri."

"Nimeiona. Sogezeni."

Kwa hiyo ua unakwenda sawa, unafika pale unapinda, kisha unarudi kwenye mstari wake. Msalaba umesimamishwa tena. Salvatori alisema "Murakoze, Mama," mara moja tu, akaendelea kushindilia udongo, uso ameuinamisha.

Hicho kitabu basi kiuze, hakisemi uongo. Ila mwandishi wake aliuliza upande mmoja akapanda gari akaenda. Mtu akikinunua, mwambie amtafute mwenye nusu ya pili, huwa hayuko mbali. Nakala yangu sitairudisha. Salvatori ameomba niianze upya kila anapoleta chikichi, na Mama Spesi amekubali, kwa sharti kwamba atanisimamisha popote asiporidhika.

Nisalimie Mama, mwambie asiulazimishe huo mguu. Msalimie shemeji, mumeo, na mjomba anayeshona nyavu. Mchungaji wetu mpe salamu za pekee. Jumapili akiwaombea marehemu, mwombe ataje watoto watatu wasio wa kanisa lake: Evelina, na Yonasi na Neema. Hao wawili ni wa Mama Spesi. Majina yao alinitajia juzi, nami sikuwa nimemuuliza.

Mungu awafunike nyote hapo nyumbani.

Kaka yako wa tumbo moja,
Elia