Niachie Jangwa Kidogo

Kinindo, Bujumbura
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Nura,

Assalaam alaykum. U mzima huko jangwani? Miguu je, na kile kikohozi cha vumbi nilichokisikia kwenye ujumbe wako wa sauti wa mwisho? Unakunywa maji ya kutosha? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba goti linamsumbua asubuhi, Mama hajambo, nami sijambo ila nina wivu. Nimeona nikuambie mapema.

Barua hii anaibeba Twalibu wa duka la jirani, anayekwenda Nairobi. Akifika ataipakia kwenye basi la Marsabit. Nimetumia karatasi kwa sababu simu yako hushika mtandao pale tu unapotaka kuturingia.

Kila sauti unayotuma, Mama huifungulia spika dukani. Wateja wanakuja kununua vitenge, wanasimama kusikiliza jinsi upepo wa Ziwa Turkana ulivyotaka kuling'oa hema lako, na jinsi ulivyolala peke yako kwenye jangwa la Chalbi bila jirani isipokuwa ngamia wa watu. Mama anawaambia, "Huyu nimemulea mi mwenyewe." Na mimi je, aliniokota wapi? Mimi ndiye ninayewakatia hicho kitambaa, natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Wewe unajua kwamba ile ramani ya ukutani chumbani kwetu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuonyesha Marsabit na hifadhi ya Sibiloi, wakati wewe hujajua hata kusoma majina yake. Halafu siku ulipoondoka, nikapewa mimi kushika msahafu mlangoni upite chini yake, uwe na baraka za safari. Mkono ulikufa ganzi, maana uliagana na kila mtu kama bibi harusi. Ukapita, nikabaki.

Ndiyo maana Jumapili nikafanya la kwangu. Nilimwambia Mama nakwenda Mutanga Sud kumwona Joëlla, rafiki yangu wa chuo. Nikavaa raba, nikajaza chupa ya maji, nikachukua teksi mpaka hifadhi ya Rusizi. Si Chalbi, najua, usinicheke. Lakini ni kiangazi, nyasi zimekauka, ardhi imepasuka, na kwenye ile mikoche hapakuwa na sauti ya mtu. Nikajiambia, leo na mimi niko peke yangu duniani.

Haikudumu. Mlinzi mmoja, Gélase, alinitazama usoni akacheka. "Ah, we si mutoto ya Suud wa bitenge? Uko pekee yako? Apana, dada, huku iko kiboko." Nikamwambia nimekuja kutembea tu. Akakubali vizuri kabisa, akanitafutia kivuli, kisha akazunguka nyuma ya miti akampigia Baba simu.

Nura, walikuja wote. Kaka Zayd na gari lake, Baba na goti lake, Mama na sufuria ya pilau mapajani, watoto wa Zayd, hadi mkeka. Wakautandika palepale nilipokuwa nimekaa na upweke wangu. Gélase akapewa sahani ya kwanza. Viboko wakatoa vichwa majini kutuangalia.

Nikalia mbele ya pilau. Nikasema yote: kwamba nakuonea wivu, kwamba mimi mkubwa nimefungiwa dukani na wewe mdogo unazunguka majangwa, kwamba mimi siruhusiwi kitu. Nilingoja kugombezwa. Mama akaweka kijiko chini.

"Nura aliaga," akasema. "Alizunguka kwa kila mukubwa, hadi kwa shangazi huko Kanyosha, akasema naenda, muniombee. We umeaga nani, Afrah? Unatoka kama mwizi, kisha unasema tumekufunga."

Nilidhani kule kuzunguka kwako nyumba kwa nyumba kulikuwa maringo. Kumbe ndiyo ilikuwa ruhusa yenyewe. Mimi nilinuna tu dukani, nikingoja mtu aje aniambie nenda.

Basi nimeanza kuaga. Jana nilikwenda Kanyosha. Shangazi alilia, kisha akanipa kanga ya kujitanda huko kwenye upepo. Baba alimaliza chai yake, halafu akauliza kama viatu vyangu vitahimili mawe. Wewe unamjua, kwake hiyo ni ndiyo. Natoka kuja huko mwezi ujao, inshallah.

Lakini usidhani wivu umeisha. Sitaki kukufuata nyuma kama mkia. Nipokee Marsabit, tule pamoja, tucheke, kisha niache niende Sibiloi peke yangu. Usiikanyage kabla yangu, nakuomba. Umeshachukua Chalbi, ngamia na ule upepo. Niachie hiyo moja.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Zayd na wanawe, na shangazi, na Joëlla, ambaye hajui bado kwamba nilimfanya kisingizio. Gélase naye anauliza pilau inarudi lini. Mungu akukinge na jua na nyoka, na kila ukitafuta maji uyapate.

Mama amesema safari hii msahafu ataushika mwenyewe. Nimemwonya mkono wake utakufa ganzi, maana na mimi nitaagana polepole.

Wako akupendaye, wivu na yote,
Afrah