Kwa Mwalimu Kojo Dontoh, Aliyetuachia Sura Moja Ambayo Haijasomwa

Mwaka umetimia, Mwalimu, tangu ulipoaga kwamba unakwenda kujinyoosha kidogo kabla supu haijaiva. Supu iliiva. Tulikuita mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa hasira.

Haya tunayaandika sisi jamaa zako wa Swedru, kwa mkono wa mkeo Araba, maana watoto walisema yeye ndiye mwenye nafasi. Ni kweli. Nafasi imejaa nyumba nzima.

Ulifundisha darasa la nne mpaka watoto wa wanafunzi wako wakaja kukalia madawati yale yale. Hukumchapa mtoto. Ulimtazama tu kwa juu ya miwani, na wapo wazee wazima hapa mjini ambao mpaka leo wakiona miwani wananyoosha migongo. Mtoto asiyekuwa na chakula ulimtuma nyumbani kwako kuchukua chaki. Chaki haikuwapo nyumbani. Mkeo alishajua, akimwona tu anapakua.

Jioni ulikuwa mwandishi. Ulipiga taipureta yako mlango ukiwa wazi, na kila aliyepita akisalimia uliinuka kumwitikia, ndiyo maana kitabu kimoja kilikuchukua muda wa kujenga kanisa.

Kila ulichokiandika ulimsomea mkeo kwanza. Uliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza chake yeye kinafika sokoni na kurudi, basi ulikigeuza papo hapo kwa Kifante huku yeye akimenya karanga. Akicheka, ulitia alama pembeni. Akipiga mwayo, ulifuta. Hukumuuliza neno. Magazeti ya Accra yakaandika kwamba uzeeni umejifunza kubana maneno. Hawakujua kwamba uzeeni mkeo alianza kusinzia mapema.

Kisha kikaja hiki cha mwisho, *Stesheni Iliyofagiwa*. Mke wa mkuu wa stesheni, mumewe amekufa, reli imeng'olewa, lakini kila asubuhi yeye yuko jukwaani na ufagio wake, kwa sababu hakuna mkubwa aliyekuja kumwambia aache. Mkeo alimpenda sana mwanamke huyo. Akamgombania.

“Sasa treni inakuja lini?”

“Haiji, Araba. Reli imeng'olewa.”

“Kaing'oa nani?”

“Mimi. Sura ya pili.”

“Basi irudishe. Mwanamke wa watu amefagia kitabu kizima.”

“Wasomi watanicheka.”

“Hao wasomi walikuja lini kukutwangia muhogo wa fufu?”

Ulicheka mpaka ukavua miwani. Lakini sura ya mwisho uliiandika mlango ukiwa umefungwa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, na ukaipeleka Accra mwenyewe bila kumsomea. Alipokuuliza ulisema, “Nitakusomea kitabu kikija. Mwisho unataka karatasi nzuri.”

Kitabu kilikuja na karatasi nzuri. Wewe tulikuwa tumeshakuzika.

Kimesemwa, Mwalimu, kuliko vyote. Gazeti moja lilisema hujawahi kuandika vizuri hivyo. Mhadhiri mmoja akajibu kwamba ni kizuri mpaka ukurasa wa mwisho, hapo ndipo ulipoanguka. Redioni wakabishana asubuhi nzima, mmoja akasema mwisho ule ni wa mzee aliyechoka, mwingine akasema ni wa mzee aliyekuwa na ujasiri. Nchi nzima ilijua mwisho wako isipokuwa mkeo, naye hakutaka kuambiwa.

Kwenye uzinduzi kule Cape Coast, profesa alipofika kwenye maneno “na sasa, ukurasa wa mwisho,” mkeo aliinuka akatoka kwa mlango wa pembeni. Wanawake wakamkimbilia na maji na leso, wakidhani ni uchungu. Alikuwa anaokoa masikio yake tu. Redio aliizima. Mchungaji alitaka kukitia kitabu chako kwenye mahubiri, mkeo akakohoa mpaka mtu wa Mungu akarudi kwa Ayubu.

Mwanao Ekow alipiga simu kutoka Kumasi. “Mama, nikusomee? Ni kurasa chache tu.”

“Ziache.”

“Unaogopa nini?”

“Baba yako bado ana neno moja hajalisema,” alimwambia. “Likishasemwa, nyumba hii itanyamaza kabisa.”

Nyumba yenyewe iko hivi. Fufu ni kazi ya wawili, mmoja anatwanga, mwingine anageuza, kwa hiyo kinu kimefunikwa na kuku wanakikalia. Mkeo anakula kenkey ya kununua, donge lile la mahindi, na kumsingizia muuzaji kwamba chumvi imezidi. Wapita njia bado wanasalimia mlangoni kwa mazoea, halafu wanakumbuka, wanaharakisha. Jioni anamenya karanga. Akipiga mwayo, hakuna kinachofutwa.

Na yule rafiki yako Bwana Otoo, ambaye kila ukitoa kitabu alikusulubu gazetini na Jumamosi akaja kucheza drafti na kula supu yako? Ulimwita adui asiyekosa mlo. Hiki cha sasa hakukiandikia hata mstari. Watu wakasema ameona aibu kukusulubu kaburini. Jumamosi iliyopita alikuja, akavua kofia, akakaa kwenye kiti chake kile cha kushindwa.

“Shemeji, watu wananiuliza mbona nimenyamaza.”

“Hata mimi nauliza.”

“Sijakimaliza. Nimebakiza sura ya mwisho.”

“Wewe? Unayesoma hata maandishi ya chupa ya dawa?”

Alizungusha kofia mkononi. “Nikishamaliza, nitabishana na nani?”

Mkeo hakumtania tena. Jumapili hii, kama desturi inavyotaka, anavua nyeusi ya msiba na kuvaa nyeupe, na hakutaka kuvaa nyeupe huku akikungoja kama mtu aliyecheleweshwa na mvua. Akaleta kitabu, akaleta na karanga zake.

“Soma,” alisema. “Kifante cha nyumbani, si hicho chako cha gazetini.”

Rafiki yako anasoma vibaya, Mwalimu. Anasoma kama karani wa mahakama.

“Dontoh asingesema hivyo,” mkeo alimkatiza.

“Ndivyo ilivyoandikwa, shemeji.”

“Imeandikwa kwa Kiingereza. Rudia.”

Akarudia. Na treni ikaja. Umeileta, mzee wewe. Asubuhi, tupu, mahali pasipo na reli, ikasimama kwenye jukwaa lililofagiwa. Dereva akachungulia, akauliza mkuu wa stesheni yuko wapi. Mwanamke akamjibu bila kuinua kichwa, “Ametangulia. Wewe subiri nimalize kufagia.” Dereva akakaa, akasubiri. Hapo ndipo ulipoishia.

Bwana Otoo alifunga kitabu, akafuta miwani isiyokuwa na vumbi.

“Mwisho mbaya,” alisema. “Treni bila reli. Kumdekeza mtu tu.”

“Mbaya sana,” mkeo alikubali. “Hebu urudie.”

Aliurudia mpaka karanga zikaisha. Kisha nyumba ikanyamaza, kama alivyoogopa. Imenyamaza kweli, hatukufichi. Ila sasa anajua kwamba siku ile ulipofunga mlango, ulikuwa umemsikia.

Bwana Otoo naye ameandika hatimaye. Ni mstari mmoja: “Mwisho wa kitabu hiki ni mbaya, na atakayethubutu kusema hivyo mbele yangu tutagombana.” Mkeo ameukata akaubandika ukutani, juu ya ubao wa drafti.

Ibada ya shukrani ni Jumapili hii, kanisa la Wamethodisti, Swedru, na baada yake chakula nyumbani. Ekow atatwanga, mkeo atageuza. Nyeupe ameshaijaribu. Nyeusi ilimpendeza zaidi, anaiacha kwa masikitiko.

Wanaokukumbuka ni mkeo Araba Nyarkoa, watoto wako Ekow na Baawa, dada yako Efua Tawiah anayedai hujamrudishia mwavuli, wajukuu, wanafunzi wako wote walionyoosha migongo, na Bwana Otoo, aliyeomba asitajwe.

Hatujakusahau, wala hatuna mpango huo. Na kama kuna dereva amesimama huko akiulizia, mwambie asipige honi. Mkeo bado anafagia.