Mbuzi ya Mujomba

Jumanne, 21 Aprili 2015. Buffalo

Shifti imekwisha saa tisa. Maboksi ya leo yalikuwa mazito kama yamejaa mawe. Nikapanda basi la Bailey kama kila Jumanne, nikashuka kwenye nyumba ya kubeti. Televisheni zimejaa ukuta mzima, na wazee wamekaa chini yake kama wako hospitali wanangoja kuitwa. Wote wanasoma karatasi. Hakuna anayejua kutazama mnyama. Mimi natazama matako. Baba yangu kule Masisi alinunua ng'ombe kwa kutazama matako na mavi, na hakuna mtu aliyewahi kumdanganya. Mavi kwenye televisheni hayaonekani, lakini matako yanatosha.

Mbio ya tatu nimeshinda. Kidogo, lakini nimeshinda. Mzee wa pembeni akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia mimi nimezaliwa kati ya farasi.

Pesa ni ya mbuzi. Bon, niandike vizuri. Furaha, binti wa dada yangu, anaolewa Louisville tarehe 16 Mei. Watu wa kijana wanakaa Columbus. Walinipa mbuzi ya mujomba ndani ya bahasha, maana Amerika mbuzi ni pesa, inaingia kwenye bahasha. Mujomba akila mbuzi anarudisha blanketi. Siku ya arusi anamfunika bibi arusi mbele ya watu wote, ndipo msichana anatoka kwao. Blanketi isipokuwepo, ametoka kama mtu asiye na watu. Baba yake alikufa vitani. Donc ni mimi tu.

Mbuzi iko mfukoni mwa koti. Nataka izae kwanza. Nitaleta blanketi ambayo Louisville haijaiona.

Alhamisi, 23 Aprili

Hasira. Namba nne ilikuwa yangu tangu asubuhi. Nimefika dirishani, yule mama wa tiketi ananitazama, nikakumbuka mahubiri ya namba saba. Siku saba, makanisa saba. Nikasema saba. Nne akashinda akiwa peke yake, wengine bado wanakuja. Saba alifika kama mtu aliyetumwa chumvi.

Mguu mmoja wa mbuzi umekwenda. Wa nyuma, wenye nyama.

Jumapili, 26 Aprili

Kanisani nimeongea vizuri sana. Si mahubiri, baada ya mahubiri, kwenye chai. Niliwaambia habari ya farasi wa yule Mubeleji, mzungu mwenye shamba la kahawa. Jinsi nilivyomfundisha kuogelea Ziwa Kivu mpaka kisiwa cha Idjwi, padri akiwa mgongoni, Biblia haikulowa. Mama mmoja kutoka Uvira akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Papa Sifa, jirani yangu wa hapa Lower West Side, akasema, "Juzi padri alikuwa peke yake, leo umemwongezea Biblia. Krismasi atakuwa na kwaya." Wacha acheke. Wanapenda kunisikia.

Jioni dada akapiga simu. Anauliza blanketi. Nikasema kila kitu kiko sawa. Akasema nitafute ya manyoya, nzito, yenye picha ya chui, kama ile yake. Ile yake aliletewa na mujomba wetu sisi. Tulipokimbia Masisi aliacha sufuria, aliacha hata viatu, blanketi akaibeba kichwani. Furaha alizaliwa juu yake kambini Uganda. Mpaka leo dada analala nayo.

Nikasema, yangu itakuwa na chui wawili.

Jumamosi, 2 Mei

Leo mbio kubwa ya Louisville. Hata kazini jana wanawake waliongea juu ya kofia zinazovaliwa siku hiyo. Nyumba ya kubeti imejaa, hakuna pa kuweka mguu. Nilichagua farasi mwekundu mwenye kifua. Mnyama wa kweli. Alitoka vizuri, kona ya kwanza yuko wa tatu, kona ya mwisho wa pili, nikapanda juu ya kiti. Halafu akafunga. Hakuchoka, hakuumia, alifunga tu, kama duka. Wakampita mmoja mmoja.

Nikasema nirudishe kwenye mbio iliyofuata. Na iliyofuata.

Mbavu zote zimekwenda. Na mgongo.

Kinachonichoma si kushindwa. Mtu anashindwa. Ni kwamba kila mara ninakuwa karibu. Ningekuwa ninakosa mbali ningekwisha acha.

Jumatano, 6 Mei

Kazi. Mvua. Ya mbuzi imebaki kichwa na miguu ya mbele.

Jumamosi, 9 Mei

Sikwenda Bailey. Nilikaa nyumbani mpaka saa nane. Nikaenda.

Imebaki kichwa.

Jumatano, 13 Mei. Columbus

Tumefika na gari ya Papa Sifa. Yeye anakwenda arusi pia, amebeba ngoma na masufuria. Tumelala kwa binamu yake. Mpango ulikuwa huu: Columbus kuna maduka ya Wasomali, blanketi nzuri zote ziko huko, kesho asubuhi nanunua, mchana tunaondoka. Pesa iliyobaki haitoshi hata ya mtoto mchanga. Hilo Papa Sifa halijui.

Jioni nikamwambia kuna uwanja wa farasi hapa, twende tu kutazama. Akaja, akakaa kwenye gari na radio.

Nilisimama kwenye uzio. Mara ya kwanza Amerika nasikia harufu yao. Na hapa hawapandwi. Wanavuta vigari vya magurudumu mawili, dereva amekaa nyuma miguu imetanuka, kama kijana wa Goma anashuka mlima na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Nikasema hii sasa ni yangu. Nimetazama matako, nimetazama mavi pia, mavi ya kweli, mbele ya macho yangu. Namba mbili. Nikaweka kichwa chote cha mbuzi.

Walitoka wanakaza mwendo, tap tap tap, kama askari. Namba mbili yuko wa tano. Halafu kwenye kona akaona ujinga wa kutembea, akainua miguu, akapiga mbio za kweli! Akampita wa nne, akampita wa tatu, dereva anavuta kamba, yeye hasikii, akawapita wote, akafika wa kwanza! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Nikatoa simu, nikatuma sauti kwenye kundi la familia. Buffalo, Columbus, Louisville, wote wamo, hata mchungaji. Nilisema: "Mimi ndiye Mujomba Byamungu! Furaha, mtoto wangu, kesho nakununulia blanketi ambayo watu wawili hawawezi kuibeba! Na mama yako yake, na bibi wa bwana arusi yake! Farasi amemjua mwenyewe!"

Nikaenda dirishani. Tiketi yangu haisomi. Nikarudia. Haisomi.

Kijana mmoja Mkenya, anasoma chuo hapa, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akaniambia pole mzee, huyo wako aliruka. Hapa farasi lazima akaze mwendo tu. Akianza mbio za kuruka, dereva lazima amrudishe nyuma mpaka atulie. Wako amepita wenzake akiruka, kwa hiyo wamemweka wa mwisho.

Wa mwisho kwa sababu amekimbia.

Nikamwomba anifundishe kufuta sauti kwenye simu. Akasema ikishakwenda imekwenda. Watu walikuwa wanajibu tayari. Mikono ya makofi, ngoma, mioyo. Dada hakuweka kitu.

Alhamisi, 14 Mei. Columbus

Nimekwenda kwa Wasomali hata hivyo, maana Papa Sifa alinipeleka. Kuna mama wa Barawa, kule pwani yao, anaongea Kiswahili kizuri kuliko cha redio. "Karibu baba. Ya bibi harusi?" Akanishushia moja. Chui, nyasi, jua nyuma yake. Niliingiza mkono ndani ya manyoya mpaka kwenye kiwiko. Nikasema nitarudi. Akasema, "Utaikuta baba, mimi sili mablanketi."

Nikamwambia Papa Sifa nimeagiza kubwa zaidi, inatangulia Louisville kwa posta. Uongo umetoka wenyewe, mlaini. Aliwasha gari. Aliongeza sauti ya radio mpaka tulipovuka mto kuingia Kentucky.

Ningeweza kumkopa. Sikuweza kufungua mdomo. Baada ya ile sauti?

Ijumaa, 15 Mei. Louisville

Nyumba ya dada imejaa watu mpaka kwenye ngazi. Wote wameisikia sauti. Vijana wananiita Papa Farasi. Mmoja anaipiga kwenye simu yake ile sauti yangu, wengine wanacheza. Bibi wa bwana arusi, mama mkongwe, alinishika mikono miwili akasema magoti yake yanasikia baridi, Mungu akubariki kwa kunifikiria. Nilicheka. Sijui nilichekaje.

Furaha alikuja kunisalimu, nywele nusu zimesukwa. Yeye na mimi tulilala hema moja miaka yote ile kambini, yeye na mama yake upande mmoja, mimi mlangoni. Akaninong'oneza, "Mujomba, hata ikiwa ndogo ni sawa. Wewe tu unifunike." Sasa nimeelewa kwamba kuna mtu mmoja hakuamini ile sauti. Wawili, na mama yake.

Dada akanituma barafu ya vinywaji. Akanipa funguo za gari. Nikanunua mifuko ya barafu. Uwanja mkubwa uko njiani kurudi, ama mimi niliufanya uwe njiani. Nilikuwa na pesa yangu ya kula safarini. Kwato za mbuzi, tuseme. Nilisimama tena kwenye uzio. Farasi mweupe wa kijivu, mtulivu, nikamwona tangu mbali. Nilimshika kichwani mwangu mpaka dirishani, sikubadilisha namba. Alikuwa wa pili. Kwa pua. Walitazama picha muda mrefu, nami nimekaa nasali, naomba Mungu apanue pua ya farasi.

Nilirudi, watu wanapiga ngoma. Nikafungua nyuma ya gari mbele ya dada. Mifuko imelala bapa. Akaingiza kidole ndani.

"Kaka, barafu imekuwa maji."

Akaichukua mifuko, akamwagia maua ya jirani.

Sijawahi kujichukia hivi.

Jumapili, 17 Mei. Louisville

Jana sikuweza kuandika. Niandike leo, wamelala.

Asubuhi ya arusi niliamua kukimbia. Ni kweli. Nilivaa suti, nikatoka mlango wa nyuma na begi langu, nikafika kituo cha basi. Basi lilikuja, mlango ukafunguka, dereva akanitazama. Nikamfikiria Furaha amesimama katikati ya ukumbi na mshereheshaji anaita mujomba, mujomba yuko wapi. Mlango ukafungwa. Nikarudi kwa miguu. Nilisema afadhali wanione mikono mitupu kuliko wasinione.

Ukumbini wakaita. Wanawake wakaanza kuimba wimbo wa kumtoa msichana. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno: watu wangu, nimekula mbuzi. Maneno hayo hayo.

Dada akaja toka upande wa jikoni, amebeba mfuko mkubwa mpya wa duka. Akaongea kwa sauti watu wote wasikie: "Kaka, mzigo wako! Uliusahau kwenye gari, na kusahau kwako huko!" Watu wakacheka. Dada yangu hajawahi kudanganya maisha yake yote. Kambini alikataa kuongeza hata jina moja kwenye karatasi ya chakula.

Nikaingiza mkono. Nilijua kabla ya kuona. Manyoya yameisha katikati, pembeni kuna kiraka cha kitenge. Ilinuka sabuni. Chui amepauka, jicho moja limebaki.

Watu ukumbini walikuwa wanangoja ya watu wawili kubeba. Vijana walikuwa na simu juu. Nikamfunika Furaha. Nilimfunika vizuri, mabega yote mawili, kama tulivyomfunika hema ilipovuja. Akashika ukingo, akapapasa kile kiraka, akaanza kulia. Halafu mama mmoja wa Masisi, nyuma kabisa, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Aliitambua. Na mwingine. Wakasimama wote wale waliotembea njia ile.

Mzee wa upande wa kijana alishika maikrofoni. Akasema mujomba huyu ametushinda. Alitudanganya na habari ya farasi ili tusijue anachokileta. Watu wakapiga makofi. Yule bibi mkongwe naye alipiga, magoti yake hayajapata kitu. Wakanipa maikrofoni niongee.

Sikuongea. Mimi. Nilirudisha maikrofoni.

Leo nimepita mlango wa chumba cha dada. Kitanda chake kina shuka tu.

Jumatatu, 18 Mei

Njiani kurudi Buffalo. Baada ya Columbus Papa Sifa akasema, haya, hebu nipe ile ya farasi wa Mubeleji, barabara ni ndefu. Nikamwambia yule farasi nilikuwa namkatia majani tu. Naweka nje ya uzio, naondoka. Sikumgusa hata siku moja, nilikuwa namwogopa.

Akaendesha kidogo. "Na padri?"

Nikasema padri alikuwa na pikipiki.

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Halafu akasema hiyo nayo si mbaya.

Jumamosi, 23 Mei. Buffalo

Boss ametafuta watu wa shifti ya Jumamosi. Nimeandika jina. Nimerudi kwa basi la njia nyingine, linazunguka sana, halipiti Bailey.

Dada alipiga. Furaha hajambo, nyumba imekuwa kimya. Nikamuuliza analala na nini. Akasema Louisville kuna joto siku hizi, kitenge kinatosha. Akaniuliza kama nimekula.

Nilivaa viatu mara moja jioni. Nikavivua.

Papa Sifa anakwenda Columbus tena mwezi wa kumi. Nimemwambia aniwekee kiti, na kule tupite kwa yule mama wa Barawa, kisha posta, na mzigo mkubwa. Hakucheka. Bahasha nimeitundika pale koti inapokaa. Haina kitu bado.

Louisville baridi inaanza mwezi wa kumi na moja.