Sindano ya Dani Ndani ya Godoro

Akinyi mjukuu wangu, huku Macalder sisi wazima, hata mbuzi wako mlafi. Unauliza nani alimwokoa dani, nyanya yako. Ni mimi! Haya, ni watu wa ambulensi.

Unajua tezi zake hazitoi homoni ya kutosha. Alitapika mpaka akalegea, nao wakaitisha sindano yake ya dharura. Mchimba dhahabu kama mimi aonyeshe wageni maficho yake?

"Gari kubwa hivyo halina dawa?" nikauliza.

"Hii hatuna. Mzee, atakufa!"

Dani akanong'ona, "Iko ndani ya godoro, na dhahabu anayonificha."

Wakamdunga. Baadaye akafungua macho, akanitukana vizuri sana.

Sasa sindano inaning'inia mlangoni. Dhahabu nimehamisha, usimwambie.

Nilikufunza baiskeli, basi nawe niandikie kibao, SINDANO YA DANI. Mwandiko wangu hata mimi siuamini.

Kwaru, babu yako