Saa Uliyomtumia Baba

S.L.P. 61,
Same.
14 Aprili 1996

Kaka yangu Hezroni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Montreal, wewe na shemeji, na kwamba ile baridi uliyonisimulia imeanza kulegea. Sisi huku tunaendelea. Milimani masika yameanza, ila hapa Same bado ni vumbi na upepo. Mke wangu Koleta anakuamkia. Duka langu la redio na vipuri bado lipo, ingawa siku hizi kila mwenye kibanda anauza redio.

Nianze na baba, usije ukaogopa. Yu hai, na jana alitembea mwenyewe mpaka kwenye migomba. Mwezi uliopita homa ya mapafu ilimwangusha kule nyumbani Mhezi. Majirani walimbeba kwa machela hadi barabarani, akateremshwa hospitali huku chini, akalazwa siku kumi na moja. Nilikuwa naye mchana kutwa. Huko wodini ndiko lilikotokea jambo linalonifanya nikuandikie, na nimeshachana karatasi tatu kabla ya hii.

Kaka, mara mbili uliniandikia ukiuliza kwa nini baba hajibu barua zako. Nilikujibu kwamba macho yamemchosha. Macho ya baba ni mazima, Biblia anaisoma bila miwani. Hakukujibu kwa sababu hakuzisoma, na hakuzisoma kwa sababu yangu.

Unaikumbuka ile saa uliyompa Mama Ernesta, yule muuguzi, aniletee mimi niipandishe Mhezi. Ulikuwa umemwandikia baba mapema kwamba inakuja saa isiyotumia betri, inayojivuta kwa mwendo wa mkono, na yenye mishale minne: mitatu ya saa za hapa, na wa nne mwekundu, wa saa za huko uliko, ili kila akiitazama ajue kama umelala au uko kazini. Baba aliyekuwa karani wa stesheni miaka thelathini, mtu wa saa kuliko chakula, aliwaeleza wazee wote wa kanisa.

Ilinifikia wiki moja kabla ya safari yangu ya kwanza ya Dubai. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa miaka michache tu nyuma, na mimi unanijua nilivyokuwa, mtu wa kupanga foleni ya sabuni na suruali ya viraka. Nikaivaa. Nikajiambia ni kwa safari hiyo tu. Nilipofika kule nikaugeuza mshale mwekundu uonyeshe saa za Dubai. Mwenye duka aliyekuwa akituacha wageni tusimame mlangoni alipouona mkono wangu aliniletea kiti na chai, akaniita bwana. Sikuwahi kuitwa bwana na mtu. Nikashindwa kuivua. Siku ya kurudi nikamnunulia baba saa ya betri, ya bei ya kandambili, nikampelekea kama ndiyo yako.

Aliigeuzageuza, akaniuliza mshale mwekundu uko wapi. Nikasema ndivyo ilivyofika. Jumapili wazee wakaja kuiona, wakahesabu mishale mitatu, na mmoja wao akacheka. Baba akaivua mbele yao, akaitia sandukuni. Baadaye aliniambia kwamba Hezroni amemwona yeye ni mzee wa kudanganywa, na barua zake nisizipandishe tena. Kwa kuwa zote hupitia sanduku langu la posta, nikawa nazifungia kwenye droo ya dukani. Na kila nilipopanda Mhezi, niliivua saa nikaitia mfukoni.

Siku ile wodini nilisahau kuivua. Nilipomwinua anywe uji aliushika mkono wangu, akautazama. Akauliza, "Huu mwekundu unasema nini?" Nilimweleza yote, nimepiga magoti sakafuni, wagonjwa wengine wakisikia. Hakunifokea. Aliuliza tu, kwa Hezroni sasa hivi ni saa ngapi. Nikaitazama saa, kaka, na sikuweza kumjibu, maana mshale ule kwa miaka mitano ulikuwa wa Dubai. Baba akahesabu kwa vidole, akasema, "Kwake ni saa tisa za usiku. Amelala." Hakusita hata kidogo. Nikajua amekuwa akihesabu siku zote.

Kisha akazitaka barua. Zilikuwa kumi na tisa. Nilimsomea kwa siku mbili. Katika ya saba ulimwambia umepata mtoto wa kiume, umempa jina lake, Eliezeri, na ukamwomba amtumie baraka. Ukamwomba tena katika ya nane, na ya tisa. Katika ya kumi hukuomba. Baba akageukia ukutani, na siku hiyo hakula. Mtoto ana miaka mitatu, na babu yake ndio kwanza anasikia kwamba amezaliwa.

Nilimpa saa, akaikataa. Alisema niendelee kuivaa, na kila atakayeniuliza nimwambie ni ya nani na niliipataje. Nilidhani ni adhabu nyepesi. Wa kwanza alikuwa Koleta, aliyeamini miaka yote kwamba niliinunua. Alikwenda kwa mama yake kule Lembeni, akakaa siku nne. Wa pili ni mchungaji, mlangoni mwa kanisa, watu wakiwa wamesimama. Wa tatu alikuwa mteja tu, naye nilimdanganya. Nilimfuata hadi sokoni kumwambia kweli.

Baba ameniagiza niandike hivi alivyotamka: "Mwambie baraka sikumnyima, zimechelewa njiani. Mtoto nimembariki. Amlete nimwone, na asilete zawadi."

Mimi sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukija nitakupokea uwanja wa ndege nikiwa nimeivaa, uivue mwenyewe mkononi mwangu mbele ya watu.

Msalimie sana shemeji. Na Eliezeri mdogo mwambie ana baba mdogo huku Same. Mengine usimwambie mpaka akue.

Ni mimi mdogo wako,
Elirehema